Jinsi ya kufuatilia kesi kubwa ya jinai ya Marekani bila kupotezwa na vichwa vya habari

Mfano wa mwongozo huu ni kesi ya jimbo la New York dhidi ya Donald Trump, 2024. Ilitangazwa dunia nzima, mwenendo wake (kumbukumbu ya kila neno lililosemwa ukumbini) uliwekwa mtandaoni, na wiki yake ya kwanza, ile ya kuteua jopo la raia wanaoamua hatia, ina karibu kila mtego unaomnasa msomaji wa mbali.

Hatua ya 1: Anza na hati ya mashtaka

Tafuta namba ya kesi (hii ni 71543-23), pakua hati, hesabu makosa. Yalikuwa 34, yote ya kuweka taarifa za uongo kwenye kumbukumbu za biashara: ankara 11, hundi 11 na maingizo 12 ya leja. Ukishayajua haya, habari yoyote isiyogusa karatasi hizo utaisoma ukijua iko pembeni ya kesi.

Hatua ya 2: Weka saa sawa

New York ikiwa kwenye saa za kiangazi, Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 7. Kuanzia Novemba ni saa 8. Kikao cha saa tatu na nusu asubuhi kwao ni saa kumi na nusu jioni kwetu. Uamuzi wa jopo ulisomwa jioni ya tarehe 30 Mei, na huku ilikuwa imeshapita saa sita usiku. Ndiyo maana ukiona tarehe mbili tofauti kwenye magazeti mawili, zote zinaweza kuwa sahihi.

Hatua ya 3: Chagua vyanzo viwili, si kumi

New York hairuhusu kesi ya namna hii kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Unachokipata kimeandikwa na waandishi waliokaa ukumbini, au kwenye chumba cha pili chenye skrini. Chukua taarifa za maandishi za papo kwa papo zenye saa kwenye kila aya, kisha zilinganishe na mwenendo wa kesi ambao mahakama iliutoa kufikia mwisho wa siku ya kazi iliyofuata. Wachambuzi wa studio waache kabisa wiki ya kwanza. Wengi wao hawakuwemo ukumbini, na hata mwandishi aliyekuwemo husikia neno vibaya. Mwenendo ndio unaomaliza ubishi.

Hatua ya 4: Fuata uteuzi wa jopo kwa kalamu na karatasi

Hapa ndipo wengi tunapotea, kwa sababu tumezoea mahakama ambako hakimu au jaji ndiye anayeamua hatia. Wazee wa baraza wa Mahakama Kuu ya Tanzania, wanapotumika, hutoa maoni tu, na jaji hafungwi nayo. Jopo la Marekani ni kitu kingine: raia 12 wa kawaida ndio wanaosema mshtakiwa ana hatia au hana.

Chora safu nne: walioitwa, walioondolewa na jaji, walioondolewa na mawakili, waliokaa. Kila namba unayoisoma iweke kwenye safu yake. Ikikosa safu, usiiandike.

Siku ya kwanza, 15 Aprili, kundi la kwanza lilikuwa na watu 96. Zaidi ya 50 waliondoka baada ya kunyoosha mikono kusema hawawezi kuwa wa haki. Kwa mbali hilo linaonekana kama kesi imekwama, kumbe Jaji Juan Merchan alikuwa ameupanga utaratibu huo mapema: anayekiri aende zake bila kuhojiwa, muda uokolewe. Hao hawakuwa ushindi wa upande wowote. Waliobaki walijibu dodoso la maswali 42, kuanzia vyombo vya habari wanavyofuata hadi kama wamewahi kuhudhuria mikutano ya Trump. Hakuna swali lililowauliza walimpigia nani kura.

Baada ya hapo huja pingamizi, nazo ni za aina mbili. Pingamizi la sababu halina idadi, lakini wakili lazima amshawishi jaji kwamba mtu huyo ana upendeleo. Pingamizi lisilo na sababu ni la hesabu: katika kesi hii kila upande ulikuwa na 10 kwa viti 12 vya kwanza, na nyongeza ya 2 kwa kila kiti cha akiba. (Hata hilo lina mpaka: tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 1986 katika kesi ya Batson, huwezi kulitumia kumwondoa mtu kwa sababu ya rangi yake.) Andika pembeni kila upande umebakiwa na ngapi. Namba hii huandikwa kwa nadra, nayo ndiyo inayoeleza mengi: upande uliomaliza pingamizi zake utampokea hata mtu usiyemtaka, jaji asipokubali kumwondoa.

Kisha jiandae kuona hesabu ikirudi nyuma. Jumanne jioni waliokaa walikuwa 7. Jumatano hapakuwa na kikao. Alhamisi wawili waliondolewa, mmoja akiwa ameeleza kuwa watu wake wamemtambua kutokana na habari zilizochapishwa, wakabaki 5. Jioni ya siku hiyo hiyo walikuwa 12 na mmoja wa akiba. Ijumaa wakaongezwa wa akiba 5, jumla 18. Aliyesoma "watano" na aliyesoma "kumi na wawili" wote walisoma habari ya kweli ya Alhamisi. Namba isiyo na saa haikufai.

Jambo moja zaidi, na nalisema kwa uzito. Majina ya wajumbe yalifichwa, na jaji akazuia kuchapishwa kwa waajiri wao. Kuunganisha mtaa, kazi na umri wa mjumbe kisha kusambaza kwenye kundi la WhatsApp ni kumweka mtu hatarini. Kwenye karatasi yako andika namba ya kiti, inatosha.

Hatua ya 5: Ushahidi

Tenga aliyoyasema shahidi akiongozwa na wakili wa upande wake na aliyoyasema akihojiwa na wakili wa upande wa pili. Kila mara angalia kama jopo lilikuwemo ukumbini. Mabishano ya mawakili jopo likiwa nje si ushahidi, hata yakitawala habari za siku nzima.

Hatua ya 6: Maelekezo ya jaji, uamuzi, adhabu

Soma maelekezo yenyewe. Tarehe 29 Mei ilienea habari kwamba wajumbe hawakuhitaji kukubaliana wote. Si kweli. Kila kosa lilihitaji sauti 12. Upande wa mashtaka ulidai taarifa zile za uongo zilificha mpango wa kumsaidia Trump kushinda uchaguzi kwa njia haramu; ambacho wajumbe hawakulazimika kukubaliana ni njia ipi haramu, kati ya zilizotajwa, ilikusudiwa kutumika.

Jopo likiomba kusomewa tena ushahidi, kama lilivyoomba ule wa David Pecker, aliyekuwa mchapishaji wa gazeti la National Enquirer, na Michael Cohen, aliyekuwa wakili wa Trump, usibashiri. Na kutiwa hatiani si adhabu: jopo lilimkuta na hatia kwa makosa yote 34 Mei 2024, adhabu ikatolewa na jaji 10 Januari 2025, nayo ilikuwa kuachiwa bila masharti huku hatia ikibaki kwenye kumbukumbu.