Pasta ya steki na chizi: jinsi ya kupata sosi nzito isiyokatika

Hii pasta naipika sana katikati ya wiki, mtu umetoka kazini, foleni imekuchosha, watoto wana homuweki, na bado mnataka mle kitu cha kueleweka. Ukijua mpangilio, nyama ikishakatwa na kulainishwa, haizidi dakika 40 na jiko la gesi la plate mbili linatosha kabisa. Karibu kila ninayemwelekeza anakwama palepale, kwenye sosi, inakatika, mafuta yanaelea juu na chizi inajikusanya madonge chini. Kwa hiyo sosi nitaieleza kirefu, hatua zingine napita haraka maana kuchemsha makaroni mnajua.

Vitu vya kuandaa (watu watano, watoto wakiwemo)

Makaroni gramu 400, nyama steki nusu kilo, chizi gramu 200, maziwa vikombe viwili na nusu (kama mililita 600), siagi vijiko vitatu vya chakula, unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula vilivyosawazishwa, vitunguu maji viwili vikubwa, hoho moja au mbili, kitunguu saumu punje nne, pilipili manga, chumvi, mafuta ya kula kidogo. Krimu ukiwa nayo robo kikombe, usipokuwa nayo achana nayo, wala hutaona pengo.

Nyanya hakuna. Najua mkono unaenda wenyewe kwenye nyanya, ila leo ziache kwenye kapu, sababu utaiona mbele.

Makaroni chukua mafupi, penne au yale ya kujisokota, yanashika sosi ndani na nje na mtoto anakula kwa kijiko bila kuchafua nusu ya meza. Tambi ndefu kwa sosi nzito namna hii sizipendi, zinagandana bonge moja.

Hatua ya 1: Nyama

Hiki chakula kimetokana na mkate wa steki wa Philadelphia kule Marekani, ule ambao ndugu wawili, Pat na Harry Olivieri, walianza kuuuza miaka ya 1930, chizi ikaja kuongezwa baadaye. Siri yake ni nyama iliyokatwa nyembamba sana na kukaangwa haraka pamoja na vitunguu, na kwetu hiyo inatufaa zaidi maana nyama nyingi za bucha zimechinjwa usiku au alfajiri hiyohiyo, hazijakaa siku kadhaa kwenye baridi zikalainika. Ukiikata minofu minene ukaikaanga dakika tano, watoto watatafuna mpaka saa nne usiku.

Ukiweza mwambie wa bucha akupe sarara. Bei ikiwa imekaa vibaya chukua steki ya kawaida isiyo na mishipa mingi, ukifika nyumbani itupie friza dakika 30 mpaka 40, isigande, ikaze tu, hapo kisu kinapita vizuri. Iangalie kwa karibu kabla hujakata, utaona nyuzi zimelala upande mmoja. Kata kwa kuzikatiza hizo nyuzi, usizifuate, vipande viwe vyembamba unavyoweza.

Kulainisha: kwa mishkaki papai bichi ni sawa na ndivyo Pwani tunavyofanya, ila kwa vipande vyembamba hivi papai linawahi kupitiliza, nyama inakuwa rojorojo. Mimi natumia beking soda, nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo, changanya na kijiko kimoja cha maji, acha dakika 15 hadi 20, osha vizuri, kamua, kausha kwa kitambaa safi au tishu za jikoni. Ni beking soda, sio beking pauda, na usizidishe maana nyama itakuwa na ladha ya sabuni.

Usitie ndimu, siki wala mtindi. Tangawizi mbichi nayo iache. Hii nyama inaenda kukutana na maziwa, na asidi ya ndimu (au ya nyanya, ndo hiyo sababu niliyosema) inakatisha maziwa, tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Chumvi, pilipili manga na saumu iliyopondwa vinatosha, nyama itaongea yenyewe.

Hatua ya 2: Maji ya makaroni

Bandika maji mengi, kama lita nne, chumvi vijiko viwili vya chakula. Yakichemka tia makaroni, yatoe dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti. Kabla ya kumwaga chota kikombe kimoja cha yale maji uweke pembeni. Usiyasuuze na usiyatie mafuta, ukiyapaka mafuta sosi inateleza tu.

Hatua ya 3: Kukaanga

Kikaango kizito, moto mkubwa, mafuta kijiko kimoja. Tia nyama kidogo kidogo, mikupuo miwili au mitatu, ukiijaza yote kwa pamoja inatoa maji na unaishia kuichemsha. Kila mkupuo dakika mbili, ikishika rangi toa. Kisha humohumo kaanga vitunguu vilivyokatwa vipande virefu, vikilainika tia hoho, dakika tatu nyingine, toa uweke na nyama. Kikaango usikioshe, ile rangi ya kahawia iliyoshika chini ndiyo utamu wa sosi. Ila kama pameungua pakawa peusi, osha tu, hapo hakuna utamu tena.

Hatua ya 4: Sosi (soma yote kabla hujawasha moto)

Juzi wifi yangu alinipigia WhatsApp ya video akiwa kwenye hatua hii, ananionyesha sufuria, sosi inachemka inatoa mapovu na yeye anazidi kumimina chizi akitegemea itakuwa nzito, na kila akitia ndo inazidi kukatika. Ikabidi turudi mwanzo kabisa na jioni yote ikaishia hapo. Kwa hiyo tuelewane kwanza kuhusu chizi yenyewe. Chizi ni protini iliyoshikilia mafuta na maji ndani yake. Ukiipa joto la wastani inalegea na kuyeyuka, ukiipa joto la kuchemka zile protini zinakazana, zinashikana zenyewe kwa zenyewe na kuyakamua mafuta nje. Hayo ndiyo madonge na yale mafuta yanayoelea. Unga kazi yake ni kukaa katikati ya hizo protini zisishikane, ndiyo maana hatuuruki, ila na unga nao una mipaka yake, hauwezi kukuokoa na moto mkali.

Tuanze na maziwa. Kama ni ya pakiti hakuna shida. Kama ni ya kupima kutoka kwa muuza maziwa, yachemshe kwanza peke yake, na mapema, sio wakati watu wanasubiri mezani, maana maziwa yakishaanza kuchachuka hata kidogo tu yatakatika yakipata moto na utailaumu chizi bure. Yakichemka bila kukatika, yako salama. Yaache yapoe kidogo, yabaki ya uvuguvugu.

Chizi: nunua ya bonge ukwangue mwenyewe. Ile ya pakiti iliyokwanguliwa tayari huwa imepakwa wanga ili isishikane, na huo wanga unaifanya sosi iwe na chengachenga. Cheda isiyokomaa sana inayeyuka vizuri kuliko ile kali iliyokaa muda mrefu. Gauda ni nzuri sana na ndiyo ninayoipenda zaidi, nachanganya gramu 120 za cheda na gramu 80 za Gauda. Mozarela peke yake hapana, inavutika nyuzi nyuzi, hiyo iache kwenye piza. Ikwangue ikiwa ya baridi, kisha iache mezani wakati unaendelea na mengine, usiitoe kwenye friji ukaimwaga moja kwa moja.

Sasa rudisha kikaango motoni, moto mdogo. Siagi iyeyuke (siagi ya maziwa, majarini ladha yake inabaki mdomoni), tia unga, koroga dakika mbili mfululizo. Harufu ya unga mbichi itaondoka, utaanza kusikia harufu ya biskuti, hapo usisubiri ubadilike rangi. Mimina maziwa kidogo sana mwanzoni, kama robo kikombe, koroga mpaka ule mchanganyiko ulainike kabisa, ongeza tena kidogo, koroga, halafu mengine yote yaliyobaki. Mimi natumia kile kipigio cha mayai cha waya, mwiko peke yake unaacha madonge ya unga kwenye kona. Ukiwa na sufuria nyembamba za alumini kuwa makini zaidi, maziwa yanashika chini haraka, pitisha kipigio mpaka chini kila wakati.

Acha ichemke taratibu dakika tatu au nne, lazima ichemke hapa, chizi bado haijaingia, na usipoichemsha haiwi nzito na utasikia unga mdomoni. Chovya mwiko, pitisha kidole nyuma yake, mstari ukibaki bila kujifunga sosi imefika. Krimu kama unayo tia sasa.

ZIMA MOTO. Sio kupunguza, zima, na kama jiko lako ni la umeme sogeza kikaango pembeni kabisa maana plate inabaki na moto. Subiri kama dakika moja mpaka mapovu yatulie yote, mvuke utoke lakini pasiwe na kitu kinachochemka, hata pembeni kwenye ukingo. Joto lililobaki linatosha kuyeyusha chizi yote. Ndipo utie chizi ngumi moja, koroga kwa upole mpaka ipotee, ngumi nyingine, koroga, mpaka iishe. Ukiona ngumi ya mwisho inasuasua kuyeyuka, rudisha kwenye moto mdogo kabisa sekunde 20 tu huku unakoroga, toa tena.

Chumvi onja mwisho, chizi ina chumvi yake na maji ya makaroni yana chumvi.

Ikianza kukatika (utaona inang'aa mafuta na kuwa na chengachenga), usiongeze chizi na usiongeze moto. Itoe jikoni, tia vijiko viwili vya maziwa ya baridi, piga kwa nguvu. Isipokubali chukua slaisi mbili za chizi ile laini ya kwenye plastiki, zikatekate utie. Zile zina chumvi maalumu za sitrati au fosfeti zinazoshikanisha mafuta na maji, na mara nyingi zinairudisha sosi nzima. Kuna watu wanazidharau, mimi pakiti yake haikosi kwenye friji kwa kazi hii. Ikishindikana pitisha kwenye blenda ikiwa imepoa kidogo. Ila chizi ikishakazana ikawa bonge linalovutika chini ya kikaango, hilo halirudi, litoe uendelee na sosi iliyobaki.

Hatua ya 5: Kuunganisha

Makaroni kwanza, koroga, ongeza maji uliyoyachota kidogo kidogo mpaka sosi iwe nyepesi kuliko unavyoitaka, maana mezani itaendelea kukaza. Mwisho nyama, vitunguu na hoho, ila ile mchuzi iliyojikusanya chini ya sahani ya nyama usiimwage yote humo, nusu tu. Pilipili manga juu. Kaa mle saa hiyohiyo, hii sio chakula cha kusubiri mtu aliyekwama kwenye foleni, wa kuchelewa mwekee nyama pembeni na sosi yake umpashie.

Kachumbari yenye ndimu pembeni inakwenda nayo vizuri sana, huko kwenye sahani ndimu haina madhara.

Kiporo

Weka friji ndani ya saa mbili, na joto la Dar hata mapema zaidi. Kesho yake itakuwa imeganda bonge, ni kawaida. Tia maziwa robo kikombe, funika, moto mdogo, koroga kila baada ya muda, isichemke. Kwenye maikrowevu weka nguvu ya nusu, dakika moja moja, koroga katikati. Mtoto wa shule umtilie kwenye hotpoti ikiwa laini kidogo kuliko unavyotaka, mpaka saa ya kula itakuwa imekaza yenyewe.