Kisu cha Mfukoni Safarini: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufika Uwanja wa Ndege

Kisu kinasafiri ndani ya begi unalolikabidhi kaunta, lile linaloingia tumboni mwa ndege. Kitie kwenye ala au kizungushie kitambaa kizito, ili mkaguzi atakayelifungua begi asijikate.

Angalia tiketi kwanza. Nyingi za bei nafuu zinakupa begi la mkononi tu, na hapo kisu hakina pa kukaa. Kiache nyumbani.

Zana za kukunja, zile zenye koleo, bisibisi na kifungua kopo, zinawaponza wengi kwa sababu hawazihesabu kuwa kisu. Mkaguzi anatafuta makali. Kwa TSA, wakaguzi wa viwanja vya Marekani, zana yenye kisu ndani yake hairuhusiwi mkononi hata kama kisu chenyewe ni kifupi kama ukucha. Isiyo na kisu inapita ikiwa haizidi inchi 7, yaani sentimita 18 hivi. Umoja wa Ulaya wao wanapima urefu: kinachokatazwa ni makali yanayozidi sentimita 6. Mwaka 2013 TSA walitangaza kwamba wataruhusu visu vidogo vya kiasi hicho, kisha mwezi Juni mwaka huohuo wakaufuta mpango. Kwa hiyo anayekuambia "Marekani siku hizi wanaruhusu" usimsikilize.

Sasa, kama utabadili ndege njiani, soma hapa mara mbili.

Nilikuwa na kisu cha kukunja cha marehemu baba yangu, mpini wa mti uliolainishwa na kiganja chake kwa miaka mingi. Makali yake yalikuwa sentimita 5 na kidogo. Nilikipima kwa rula, nikasoma kanuni za uwanja ninaoanzia, nikaona kinaruhusiwa. Kweli, mkaguzi alikigeuzageuza akanirudishia. Saa chache baadaye nikashuka kuunganisha ndege, na kabla ya kufika geti la pili tukapangwa foleni upya: mashine nyingine, wakaguzi wengine, kanuni nyingine. Dada aliyekuwa zamu akakitoa na kutikisa kichwa. Nikamweleza kimeshapita ukaguzi. Akanijibu kwa upole kwamba hapa hakipiti. Begi langu kubwa lilikuwa limeshahamishiwa ndege ya pili. Walionisindikiza walikuwa nchi nyingine. Kutoka nje kutafuta posta haikuwezekana, abiria walikuwa wameanza kupanda. Nikakiweka kwa mkono wangu kwenye sanduku, juu ya mikasi na visu vya watu nisiowajua. Baba alikitunza maisha yake yote. Mimi nilikipoteza kwa kutosoma ukurasa mmoja wa kanuni.

Basi soma kanuni za kila uwanja utakaokaguliwa, si wa kwanza peke yake, na ufuate iliyo kali kuliko zote. Kupita wakati wa kwenda si ahadi ya kupita wakati wa kurudi. Na kitu chenye thamani ya kumbukumbu usikisafirishe kabisa kama huna kazi nacho.

Begi unalokwenda nalo kazini au kambini lipekue usiku wa kabla, kila kimfuko, mpaka chini ya bitana. Tazama na funguo zako. Vibati vidogo vyenye makali huning'inia humo tukavisahau.

Pawabenki na betri za akiba za lithiamu zinakwenda kinyume cha kisu: hizo hukaa nawe mkononi. Wakikuchukulia begi dogo getini kwa kuwa ndege imejaa, zitoe kwanza.

Ukifika, kuna sheria ya barabarani nayo. Uingereza, kwa mfano, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 unaweza kutembea nacho, lakini kile ambacho makali yake hujikaza yakishafunguka, yasikunjike tena mpaka uyafyatue, kinahitaji sababu ya maana. Kuna nchi nyingine kali zaidi, kwa hiyo uliza kabla ya kukitia mfukoni.

Na ukikumbuka kisu ukiwa tayari kwenye foleni ya ukaguzi, toka. Usibahatishe, Marekani unaweza hata kupigwa faini. Rudi kaunta uulize kama begi lako bado linafikika, au mkabidhi aliyekusindikiza. Mwambie mapema asiondoke mpaka umpigie simu ukiwa upande wa pili.