Kupima Bushi kwa Kamera Karakanani

Karakana ya Unga Limited hapa Arusha inayokereza bushi (vipande vya chuma vya mviringo vyenye tundu katikati) nyingi za aina moja inaweza kukabidhi sehemu kubwa ya upimaji kwa kamera iliyounganishwa na kompyuta. Usahihi wake, hata hivyo, hutegemea taa, lenzi na ulinganishaji (kujua kila pikseli ni milimita ngapi) kuliko wingi wa pikseli ulioandikwa kwenye boksi la kamera.

Anza na taa. Isimamishe bushi juu ya kioo cheupe kinachomulikwa kutoka chini, ili kamera iliyo wima juu yake ione umbo jeusi lenye ukingo mkali. Zuia mwanga wa mlangoni kwa pazia zito, kwani jua la saa nne na la saa tisa huusogeza ukingo huo kwenye picha ingawa chuma ni kilekile. Fokasi na muda wa kupokea mwanga viwekwe kwa mkono na visiguswe tena. Futa pia mafuta na chembe za chuma, kwa sababu tone lililoning'inia ukingoni husomwa kama sehemu ya bushi.

Kinachofuata ni ulinganishaji, na hapa pahitaji uangalifu mkubwa. Ikiwa eneo la milimita 50 limeenea pikseli 2,500, kila pikseli ni milimita 0.02, lakini hesabu hiyo ni kweli kwa kimo kimoja tu. Tuseme umelinganisha kwenye uso wa kioo, milimita 300 kutoka kwenye lenzi ya kawaida. Bushi yenye kipenyo cha milimita 20 na kimo cha milimita 3 itasomeka takriban 20.2, kwa kuwa mdomo wake wa juu uko karibu zaidi na lenzi. Tundu la ndani, kinyume chake, husomwa kwenye mdomo wa chini, hivyo vipimo hivyo viwili vinahitaji vizidishio tofauti. Tumia bushi ya rejea yenye kimo kilekile, iliyopimwa kwa mikromita (kifaa cha mkononi cha kupimia unene) inayoaminika. Au, fedha zikiruhusu, nunua lenzi ya telesentriki, ambayo haikuzi kitu kwa sababu ya ukaribu. Ninaipendelea hiyo ya pili kwa kazi ya kila siku. Mpindo wa picha unaoletwa na lenzi ya kawaida unaweza kunyooshwa kwa OpenCV, programu isiyolipiwa, kwa kupiga picha za ubao wa miraba.

Vipimo rasmi huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, kwa hiyo acha chuma kipoe: shafti ya milimita 100 yenye nyuzi 45 hurefuka kwa karibu milimita 0.03.

Mwisho, pima bushi moja mara kumi, ukiiondoa na kuizungusha kila mara. Mtawanyiko wa majibu ukizidi sehemu moja ya kumi ya tofauti inayoruhusiwa kwenye mchoro, rudi kwenye taa na stendi kabla ya kugusa programu, na kazi hiyo iendelee kupimwa kwa mikromita.