SOMO: Kuvusha mirehani, mchaichai na rozmari salama katika majira ya baridi kali

Baridi ikikaribia naulizwa yale yale, basi nayaandika hapa mara moja.

1. Ingiza vyungu ndani kabla ya sakitu (umande unaoganda). Usiku ukishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, mrehani huanza kuharibika.

2. Geuza majani, tafuta vidukari na utitiri. Osha kwa maji ya sabuni.

3. Mchaichai: kata ubakize sentimita 15, weka penye ubaridi, maji kidogo mno.

4. Mrehani mzee usihangaike nao. Kata vipande vya matawi yake, tia kwenye glasi ya maji. Vikitoa mizizi, panda.

5. Rozmari. Hii ndiyo inayoliza watu. Haitaki chumba cha joto: inataka mwanga mwingi na ubaridi, nyuzi 7 hadi 13 hivi, mbali na hita. Mizizi ikikaa majini huoza. Udongo ukikauka kabisa hufa vilevile, tena bila kunyauka. Majani hubaki ya kijani muda mrefu, ukija kuona yanapukutika mambo yamekwisha. Kwa hiyo usitazame majani, tia kidole kwenye udongo. Juu pakikauka, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. USIWEKE mbolea mpaka ianze kuchipua tena.

Swali: Mkuu, nimwagilie mara ngapi kwa wiki?
Jibu: Namba 5. Kidole, si kalenda.

Swali: Rozmari yangu imekauka, nifanyeje?
Jibu: Kwaruza gome kwa ukucha. Kijani, subiri. Kahawia hadi shinani, ng'oa.

Swali: Dirisha langu halipati jua. Taa nyeupe ya kawaida itafaa, au lazima ile ya zambarau ya kukuzia mimea?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. LED nyeupe yenye nguvu inatosha. Shida huwa umbali, maana mwanga hupungua upesi taa ikiwa juu. Anza na sentimita 20 hadi 30, saa 12 hadi 14 kwa siku. Mche ukirefuka na kupauka, ishushe. Majani yakibabuka, ipandishe.

Swali: Na nanaa?
Jibu: Iache nje, huchipua upya kutoka mizizini. Ikiwa chunguni, fukia chungu ardhini.

Mchango: Hata pilipili huvuka baridi. Punguza matawi, mwakani itazaa mapema.
Jibu: Kweli kabisa. Ila rudia namba 2 kila wiki, vidukari wanaipenda mno.