Kwa gari-nyumba kutoka majangwa ya California hadi pwani ya Big Sur

Gari-nyumba, yaani gari lenye kitanda, jiko, choo na matangi ya maji ndani yake, hukodishwa kwa urahisi Los Angeles na San Diego, na ndani ya wiki mbili linaweza kumfikisha msafiri katika hifadhi tatu za jangwa na kisha pwani ya Bahari ya Pasifiki. Wengi huanza maandalizi kwa kuchora njia kwenye ramani. Mimi nashauri kuanza na namba mbili, urefu wa gari na ujazo wa matangi yake, kwa kuwa hizo ndizo zitakazoamua upite wapi na ulale siku ngapi mahali pamoja.

Chagua gari lisilozidi futi 25, ambazo ni kama mita 7.6. Huko Death Valley, hifadhi iliyo katika bonde la jangwa, gari lililozidi urefu huo haliruhusiwi kupita Artists Drive wala kupanda hadi kilele cha Dante's View, na katika hifadhi ya Joshua Tree kambi za Hidden Valley na White Tank zina kikomo hicho hicho. Usiridhike na namba iliyoandikwa kwenye tangazo la kukodisha. Omba futikamba, upime kuanzia bampa ya mbele hadi ngazi au kibeba baiskeli kilichofungwa nyuma. Mgeni mwenye leseni halali ya kwao huruhusiwa kuendesha California, lakini aliyezoea barabara za Dar es Salaam au Nairobi, ambako magari hushika kushoto, afanye kwanza mazoezi kwenye uwanja mtupu. Shida kubwa si kushika kulia, bali ni mkia wa gari: unapokata kona kwenda kushoto, sehemu iliyo nyuma ya magurudumu hutokeza upande wa kulia na inaweza kugonga nguzo ambayo ulidhani umekwisha kuipita.

Majira mazuri ni kuanzia Februari hadi mwanzoni mwa Aprili, wakati maua ya jangwani huchanua ikiwa mvua ilinyesha vya kutosha. Usiende Death Valley katika miezi ya kiangazi cha huko, katikati ya mwaka. Tarehe 10 Julai 1913 joto la nyuzi 56.7 za Selsiasi lilirekodiwa Furnace Creek, ndani ya bonde hilo, na mikataba mingi ya kukodisha hukataza kabisa gari kuingizwa humo wakati huo. Nafasi za kambi nyingi za hifadhi hizi, na zile za pwani, hufunguliwa kwa wanaotaka kuzishika takriban miezi sita kabla, na za mwisho wa wiki huisha upesi.

Anzia Anza-Borrego, hifadhi kubwa kuliko zote za jimbo la California, kwa sababu kambi yake ya Borrego Palm Canyon ina sehemu zenye umeme, maji na bomba la maji machafu, hivyo ni mahali pa kulijua gari bila wasiwasi. Kutoka hapo, unapoelekea kaskazini kwenda Joshua Tree na kukaribia barabara namba 10 na eneo la Palm Springs, utaona mashamba ya mitambo ya upepo. Hayakuwekwa pale bure: upepo unaopita katika pengo la milima hapo husukuma gari lenye ubavu mrefu hadi kulihamisha mstari, kwa hiyo punguza mwendo, shika usukani kwa mikono miwili, na upepo ukizidi subiri kwenye kituo cha mafuta.

Ndani ya Joshua Tree hakuna kituo cha mafuta, mtandao wa simu ni wa kubahatisha, na kambi nyingi, ikiwemo Jumbo Rocks yenye mandhari kuliko zote kwa maoni yangu, hazina maji. Jaza tangi kabla ya kuingia, kisha fanya hesabu: tangi la lita 150, kwa watu wawili wanaotumia lita 25 kila mmoja kwa siku, litatosha siku tatu tu. Aliyekulia kuoga kwa ndoo moja na kopo ana faida hapa. Jilowanishe, funga bomba, jipake sabuni, kisha suuza.

Kazi ambayo watu huiogopa ni kumwaga maji machafu, nayo hufanyika kwenye vituo maalumu kama vile vya kambi za Cottonwood huko Joshua Tree na Furnace Creek huko Death Valley. Vaa glavu. Unganisha mpira na gari kwanza, uzungushe mpaka usikie umekaza, kisha ingiza ncha ya pili ndani ya shimo na uiwekee jiwe juu. Fungua tangi la choo kwanza, na likiisha ndipo ufungue la maji ya sinki na bafu, ambayo yatausafisha mpira. Siku moja niliusahau mzunguko ule wa mwisho wa kukaza, na viatu nilivyovaa sikurudi navyo nyumbani.

Ukielekea Death Valley kupitia Baker, utaona kipimajoto chenye urefu wa futi 134, idadi ile ile ya nyuzi za Farenhaiti zilizorekodiwa mwaka 1913. Jaza mafuta hapo. Pima upepo wa tairi asubuhi kabla ya kuondoka, tairi zikiwa baridi, kwani ukipima mchana utadanganywa na joto na kuutoa upepo unaohitajika. Badwater, iliyo mita 86 chini ya usawa wa bahari, itembelee mapema asubuhi.

Kutoka bondeni kwenda magharibi ndiyo sehemu ngumu ya safari nzima. Barabara namba 190 hupanda kutoka Stovepipe Wells, karibu na usawa wa bahari, hadi mita 1,511 kwenye Towne Pass, njia ya kuvukia milima. Zima kiyoyozi ili injini isichemshe, na ikianza kuchemsha egesha pembeni, wala usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa bado ya moto. Wakati wa kushuka tumia gia nzito, ukanyage breki kwa uthabiti kwa muda mfupi na kuziachia, badala ya kuzikalia mfululizo mpaka zitoe harufu ya kuungua.

Pita Ridgecrest, Tehachapi na Bakersfield, kisha ufuate barabara namba 46 hadi Cambria. Kabla ya kupanda kaskazini kwa barabara namba 1, angalia taarifa za idara ya barabara ya jimbo, kwani maporomoko huifunga mara kwa mara. Lile la Mud Creek la Mei 2017 liliifunga hadi Julai 2018. Ikiwa wazi, kuelekea kaskazini kuna nafuu, kwa kuwa utakuwa upande wa mlima na si wa genge. Simama Piedras Blancas kuwatazama sili-tembo, wanyama wakubwa wa baharini ambao dume lao hufikia zaidi ya tani mbili. Maegesho ni mapana na hakuna kiingilio. Usiteremke Pfeiffer Beach, kwani njia yake ni nyembamba na magari-nyumba yamekatazwa. Kwenye daraja la Bixby, lililofunguliwa mwaka 1932, maegesho ni finyu mno, hivyo abiria wapige picha gari likiendelea na safari. Sheria ya California hulitaka gari la mwendo wa pole lenye magari matano au zaidi nyuma yake lijitoe pembeni penye nafasi salama, na kulala kando ya barabara hiyo huko Big Sur ni marufuku.

Ukifika Monterey, mwaga matangi, jaza mafuta kufikia kiwango ulichokabidhiwa, na upige picha kila upande wa gari, pamoja na paa, kabla ya kurudisha funguo.