Nyumba ya mnada Nakuru: hesabu kabla ya kuinua mkono

Ukiona tangazo la dalali gazetini kuhusu nyumba inayouzwa na benki kwa sababu ya mkopo usiolipwa, iwe Milimani au Njoro, usianze na bei. Chukua nambari ya hati, nenda masjala ya ardhi, uthibitishe mwenye nyumba, rehani na zuio lolote. Kisha uliza kaunti deni la kodi ya ardhi, kwa sababu mara nyingi masharti humwachia mnunuzi.

Soma masharti yenyewe, si tangazo tu. Kwa kawaida hulipwa amana ya asilimia 25 ya bei nyundo inapogonga, na salio ndani ya siku 90. Ukishindwa, amana hiyo hupotea. Kwa hiyo kama unategemea mkopo, uwe umeidhinishwa kabla ya mnada. Kuutafuta baadaye ni hatari kubwa mno. Ongeza ushuru wa stempu: asilimia 4 mjini, 2 mashambani.

Bei ya kutupa nayo ina mtego. Sheria ya Ardhi ya 2012 hudhani benki imekosea ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, na mwenye deni anaweza kuiomba mahakama ibatilishe mauzo. Mlipe mthamini aliyesajiliwa akupe makadirio yako mwenyewe ya bei ya soko.

Mwisho, fika kwenye nyumba. Wengi husahau kwamba familia bado inaishi humo, na benki huwa haiahidi kuwatoa. Kuwahamisha kwa njia halali ni gharama na muda. Viingize kwenye bei utakayotaja.