Kabla hujasugua mkwaruzo kwenye miwani yako ya jua

Ukiona alama kwenye kioo cha miwani yako ya jua, weka kitambaa chini kwanza. Mimi ni fundi miwani hapa Dar es Salaam, na miwani nyingi ninazoletwa zimechunika zikifutwa, tena na mwenyewe: kwa upindo wa shati, kwa ncha ya khanga, kwa karatasi ya chooni. Vumbi la barabarani na mchanga wa pwani vina chembe za kwatzi, madini magumu sana, na kwatzi inaweza kuchuna hata kioo cha dirishani, sembuse plastiki. Ukifuta lenzi kavu yenye vumbi, unapiga msasa. Ndiyo maana mikwaruzo mingi ninayoiona imezunguka kama duara: imefuata mwendo wa kidole gumba.

Hatua ya kwanza: osha, kisha ndiyo ukague

Fungua bomba maji yatiririke polepole, ya baridi au vuguvugu, yasiwe ya moto. Pitisha lenzi upande wa mbele na wa nyuma mpaka mchanga uondoke wenyewe, bila kuigusa. Halafu nawa mikono, weka tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye ncha ya kidole, upakaze taratibu pande zote mbili. Usisahau pale lenzi inapoingia kwenye fremu na kwenye vile vidude vinavyokalia pua, maana jasho na mafuta ya kujipaka hujificha huko. Suuza, kung'uta maji, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa safi cha maikrofaiba, au cha pamba laini kilichofuliwa na kuanikwa mbali na vumbi.

Sabuni ya unga usiitumie, chembe zake zisizoyeyuka zinachuna. Petroli, tina ya kuchanganyia rangi na asetoni ya kutolea rangi ya kucha ni sumu kwa plastiki hizi. Zinaweza kuipa lenzi ukungu kwa mguso mmoja. Na kama nyumbani mnatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama mitaa mingi ya hapa kwetu, malizia kwa maji kidogo ya kunywa. Maji ya chumvi yakikaukia kwenye lenzi yanaacha madoa meupe ambayo wengi huyadhania mikwaruzo, wakaanza kuyasugua.

Hatua ya pili: tambua ni tatizo gani

Simama karibu na dirisha, inamisha miwani mpaka mwanga uteleze juu ya lenzi, kisha pitisha ukucha pole juu ya alama. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni wa kina. Usipokwama lakini mstari unaonekana, huenda umechunika utando mgumu unaofunika lenzi peke yake. Ukiona mipasuko midogo mingi iliyoshikana kama tope lililokauka kiangazi, huo ni utando uliopasuka kwa joto. Mara nyingi miwani ya namna hiyo imekaa juu ya dashibodi ya gari lililoegeshwa juani: plastiki inatanuka kwa kiasi chake, utando kwa kiasi chake, mwishowe mmoja unaachana na mwenzake.

Hatua ya tatu: ijue lenzi yako

Igonge kwa ukucha. Lenzi ya kioo halisi ni nzito, ni baridi ukiiweka shavuni, na inatoa mlio mkali. Ya plastiki ni nyepesi na mlio wake ni butu. Kisha vaa miwani, tazama skrini ya simu, uizungushe simu taratibu. Skrini ikiwa nyeusi pembe moja na kurudi pembe nyingine, lenzi zako ni za polaraizi, zile zinazokata mng'ao wa maji na lami. Ndani yake kuna filamu nyembamba iliyobanwa katikati, na filamu hiyo haipendi joto wala kulowekwa muda mrefu.

Kuhusu dawa ya meno

Hapa naomba unisikilize vizuri. Mzee mmoja mvuvi wa Kigamboni aliniletea miwani ya polaraizi aliyonunuliwa na binti yake. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaifungua kwenye leso. "Mwanangu, ilikuwa na mstari mmoja tu. Nikaambiwa nisugue kwa dawa ya mswaki." Nikaiinua kwenye taa. Katikati ya lenzi ya kulia palikuwa na doa la ukungu, kubwa kama sarafu, mahali hasa jicho linapopitia. Mstari wenyewe bado ulikuwepo.

Dawa ya meno ina unga laini wa kusugulia, kama chokaa au silika. Lenzi za plastiki hufunikwa na utando mgumu wenye unene wa maikroni chache tu, wakati unywele wa kichwa una kama maikroni 70. Kwa hiyo huwezi kuusawazisha mkwaruzo bila kuula utando wote unaouzunguka, na ukishautoa, plastiki laini inabaki wazi na kuchunika haraka zaidi. Polishi ya gari inafanya vilevile. Nta au mafuta ya mgando yanajaza ufa kwa saa chache, kisha yanatapakaa na kunasa vumbi. Wapo pia wanaotumia dawa za kuchorea vioo, zile zinazokula uso wa kioo, ili kutoa utando mzima. Kaa nazo mbali kabisa: nyingi zina kemikali za floridi, na majeraha yake kwenye ngozi yanaweza kuanza bila maumivu.

Lenzi ya kioo halisi inaweza kung'arishwa na fundi kwa oksidi ya seri, unga laini wa kung'arishia kioo, iwapo mkwaruzo ni mwepesi. Lenzi ya plastiki yenye utando, dawa yake ni kubadilishwa.

Hatua ya nne: amua kama unabadilisha

Vaa miwani mbele ya kioo cha ukutani, tazama mbele kawaida, ubandike kipande kidogo cha selotepu kwenye lenzi mbele ya mboni. Mkwaruzo ulio pembeni, mbali na selotepu, uache. Ulio ndani ya sentimita moja hivi, badilisha, hasa kama unaendesha pikipiki jioni jua likiwa usoni: kila mstari unatawanya mwanga na macho yanachoka.

Mkwaruzo wenyewe hauondoi kinga dhidi ya miale ya UV kwenye lenzi ya polikaboneti, kwa kuwa plastiki hiyo inaizuia kwa mwili wake wote. Cha kuogopa zaidi ni lenzi nyeusi isiyo na kinga hiyo. Giza lake linaifanya mboni ifunguke, na miale inaingia kwa wingi. Unapobadilisha, omba UV400, yaani inayozuia miale hadi nanomita 400, na umwombe fundi akupimie kwa mashine mbele yako. Badilisha lenzi zote mbili, maana rangi ya mpya na ya zamani ni nadra kulingana. Kama fremu ni ya bei ndogo na tayari imelegea, nunua miwani nyingine.

Matunzo ya kila siku

Ivue kwa mikono miwili, ukiilaza ilaze lenzi zikitazama juu, na kwenye mkoba iweke ndani ya boksi gumu, isikutane na funguo. Kitambaa chake kifue kila wiki kwa sabuni kidogo, bila dawa ya kulainishia nguo, kwani inaacha mafuta. Ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya ile ya bahari haijakauka. Yule mzee mvuvi sasa hubeba chupa ya maji hayo ndani ya mtumbwi. Na kila mwezi kagua skrubu za mikono ya miwani kwa bisibisi ndogo. Ikishikika simama hapo hapo, usiikaze zaidi, maana inaweza kukatikia ndani ya bawaba, na kuitoa ni kazi ya kutoboa.